Kutoka Genova hadi Palermo: meli, ndege, treni au gari?

Mdogo wangu anakaa Palermo, hatua chache kutoka soko la Ballarò, na mwezi wa nane aliniagiza kitu kimoja tu: mbuzi. Mbuzi ya kukunia nazi, ile iliyokuwa jikoni kwa mama kule Malindi, ambayo binamu yetu aliileta mpaka kwangu Genova ikiwa imeviringishwa kwa leso mbili. "Nazi zipo hapa sokoni, dada," aliniambia kwenye simu, "lakini nazikwangua kwa kijiko kama mtu asiye na kwao."

Sasa mbuzi ina ulimi wa chuma wenye meno. Haipandi ndege kwenye begi la mkononi hata ukimlilia askari wa ukaguzi. Ndiyo maana nikakaa chini na karatasi nikaanza upya hesabu ambayo kila mtu wa Liguria mwenye jamaa Sisilia huipiga: safari hii niende na nini? Miaka tisa niliyokaa huku nimeshakwenda kwa meli, kwa ndege, kwa treni na kwa gari, na mara moja kwa basi. Wanaoniuliza huanza na bei ya tiketi. Mimi huwaambia waanze na mzigo, halafu wahesabu saa kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa nyumba, halafu ndipo waangalie bei. Ukianza na bei utakata tiketi ya euro 35 na kulipa 90 kabla hujaketi.

Kwanza ramani, maana wengi wanaipuuza. Liguria ni upinde wa milima ulioinamia bahari, kuanzia Ventimiglia mpakani na Ufaransa hadi upande wa La Spezia, na Genova iko katikati ya upinde. Sisilia, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Mediterania, iko chini kabisa, mbele ya kidole cha kile kiatu cha Italia. Kwa barabara, Genova hadi Palermo ni kilomita 1,400 na ushei, yaani karibu mara tatu ya Mombasa hadi Nairobi. Kwa bahari ni zaidi kidogo ya nusu ya hizo, kwa sababu meli inakata moja kwa moja na gari linakizunguka kiatu chote. Halafu kisiwa chenyewe si Lamu. Palermo iko kaskazini-magharibi, Catania iko mashariki, na kati yao ni kilomita 200 hivi. Kama unakwenda Catania au Siracusa, hesabu zangu za meli zipunguzie imani kidogo na za treni na ndege ziongezee.

Meli

Gati la meli za Sisilia na Sardinia pale Genova liko karibu na kituo cha metro cha Dinegro, na mnara wa taa wa Lanterna, wenye mita 77, unakuangalia ukiwa foleni. Kutoka stesheni ya Piazza Principe unaweza kutembea kwa miguu kama begi lina magurudumu mazima. Meli kwa kawaida huondoka jioni au usiku, na safari ni kama saa 20. Kwa hiyo ukiondoka leo usiku, chakula cha jioni cha kesho unakula Palermo.

Foleni ya mwezi wa nane ni ya kutazamwa. Wasisilia wengi walipanda kaskazini miaka ya 1950 na 1960 kutafuta kazi viwandani, Milano, Torino na hapa Genova, na kila ikikaribia Ferragosto, sikukuu ya tarehe 15 Agosti, watoto na wajukuu wao hushuka kwao. Utaona gari dogo lenye godoro juu, baiskeli tatu nyuma, na bibi ndani amepakata chungu cha mrehani. Mtu wa pwani yetu hawezi kushangaa: ni Wamalindi wanaorudi kwao sikukuu ya Idi, ila hawa wanapanda meli ya abiria elfu mbili, tatu.

Kupakia gari kuna namna yake. Fika saa mbili kabla, hata kama tiketi inasema vinginevyo. Mfanyakazi mwenye fulana ya kung'aa anakupungia mkono, unapanda mteremko wa chuma, tairi zinalia, unaingia tumboni mwa meli penye moshi wa dizeli na makelele ya malori. Anakusogeza kwa vidole, njoo, njoo, njoo, mpaka kioo chako cha pembeni kinakaribia kugusana na lori la mboga. Unavuta breki ya mkono, unaacha gia ndani, unatoka kwa kujibana. Hapo hapo, kabla hujafanya lolote, piga picha namba ya sitaha na rangi ya ngazi uliyopandia. Mara ya kwanza mimi sikupiga. Na nilikuwa nimeacha kikapu cha mahamri kwenye buti. Meli ikishang'oa nanga gereji hufungwa, hakuna kushuka tena mpaka bandari ya mwisho. Saa 20 nikinunua mikate mikavu ya baa, na mahamri yangu yako sitaha nne chini ya miguu yangu. Tangu siku hiyo kikapu hupanda nami, na chupa ya chai pia, kwa sababu chakula cha melini ni ghali kwa kile unachopewa.

Malazi ni ya ngazi tatu. Kuna tiketi ya kupita tu, ambayo haina kitanda wala kiti chako, na wenye nayo hutandika magodoro ya upepo kwenye korido. Kuna kiti cha kuegemea kwenye ukumbi wenye viyoyozi vinavyopuliza kama adhabu. Chukua kikoi kizito au blanketi hata Julai. Na kuna kabini, yenye vitanda viwili hadi vinne, bafu na shuka. Maoni yangu: kwa saa 20, mwenye watoto achukue kabini na asijadili. Mtu mmoja mwenye mgongo mzuri anaweza kumaliza usiku kitini, ila mchana wa pili utamwona anavyotembea.

Kuhusu simu nina maneno makali. Pwani ikishapotea, simu yako haipumziki, inatafuta mtandao, na inaupata ule wa meli unaopitia setilaiti. Huo haumo kwenye kifurushi chako cha Italia wala cha Ulaya. Nililipishwa zaidi ya euro 40 na kampuni ya simu ambayo sitaitaja, kwa sababu simu ilijisasishia yenyewe picha mimi nikiwa nimelala. Washa hali ya ndegeni ukiiona Genova inabaki nyuma, na uzime ukiuona Mlima Pellegrino, ule wa Palermo.

Na bahari je? Sisi tumelelewa na kusi na kaskazi, pepo zenye msimu wake. Mvuvi anajua lini atoke na lini apake rangi ngalawa. Huku pepo hazina kalenda. Kuna libeccio kutoka kusini-magharibi, ambao huipiga pwani ya Liguria usoni, na kuna maestrale wa kaskazini-magharibi. Meli hizi ni kubwa na mara nyingi husafiri hata bahari ikichafuka, ila utausikia usiku kwenye vikombe vya baa. Anayetapika upesi achague kabini ya katikati ya meli, sitaha za chini. Juu na mbele ndiko kunakobembea. Siku tulivu ni raha tupu: alfajiri Corsica iko mkono wa kulia, kisiwa cha Capraia kushoto, kisha siku nzima ya Bahari ya Tirreno bila nchi kavu, watu wanacheza karata, watoto wanakimbizana.

Jambo moja ambalo ndege na treni haviwezi kulishinda ni kufika. Bandari ya Palermo imo ndani ya mji. Unashuka, unafuata barabara ya Emerico Amari, na dakika kumi baadaye uko uwanja wa Politeama katikati ya watu.

Bei ya meli haisomwi kwa mtu mmoja. Mtu mmoja asiye na gari hulipa pengine sawa na ndege, na akichukua kabini peke yake anaipita. Weka sasa watu wanne, gari moja, na mabegi ambayo hakuna anayeyapima: hapo meli inaanza kucheka. Madereva wa malori wanaijua hesabu hii kuliko sisi, maana wao hulala melini na mzigo unatembea.

Ndege

Angani ni saa moja na nusu hivi. Lakini piga hesabu ya mlango hadi mlango. Mimi nakaa Sampierdarena, uwanja wa Cristoforo Colombo uko jirani pale Sestri Ponente, nina bahati. Weka nusu saa ya kufika, saa moja na nusu ya ukaguzi na kungoja, saa moja na nusu ya kuruka, nusu saa ya kungoja begi, halafu basi la kutoka uwanjani hadi stesheni kuu ya Palermo, karibu saa nzima. Jumla ni saa tano na ushei. Kwa anayekaa Savona au La Spezia ni saba. Bado ni theluthi ya muda wa meli, na kwa mtu mwenye likizo ya siku tatu mjadala umeisha hapo. Msiba ukitokea, ni ndege, usiulize bei.

Ila Genova si Milano. Safari za moja kwa moja kwenda Palermo na Catania zipo, lakini si kila saa, na majira ya baridi hupungua. Njia ya kurukia imejengwa juu ya bahari na upepo wa kaskazini ukikaza ndege huweza kupelekwa uwanja mwingine, kama Pisa. Walio upande wa La Spezia waanze kutafuta Pisa moja kwa moja, ni karibu nao kuliko Genova na ndege za Sisilia ni nyingi zaidi. Walioko Sanremo na Ventimiglia huutamani uwanja wa Nice ng'ambo ya mpaka. Sawa, lakini kama kibali chako cha kuishi kiko kwenye kuhuishwa na ulichonacho mkononi ni risiti ya posta tu, usivuke. Risiti ile inakutosha ndani ya Italia, haikutoshi Ufaransa.

Ugonjwa wa ndege za bei nafuu mnaujua. Tiketi ni ya wewe na mkoba mdogo unaoingia chini ya kiti. Begi la kilo 20 au 23 linalipiwa, kuchagua kiti kunalipiwa, na ukisahau kujisajili mtandaoni unalipa kaunta. Na majina yetu haya matatu, matano: yaandike kwenye tiketi kama yalivyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio uleule, usiandike lile unaloitwa kazini.

Nikiisema ndege vibaya hivi nisiifiche sifa yake moja ya Kigenova. Tangu 2017 uwanja huu unaruhusu abiria kupita na chupa ya pesto, mchuzi wa mrehani wa Genova, ya hadi gramu 500 kwenye begi la mkononi, ingawa ni kimiminika kupita kiwango. Unatoa mchango mdogo wa hisani, inabandikwa kibandiko, inapitishwa kwenye mashine yake. Kwa hiyo pesto inapanda ndege. Mbuzi haipandi.

Upande wa pili unatua Punta Raisi, kilomita 35 magharibi ya Palermo, kwenye uwanja wenye majina ya Falcone na Borsellino, mahakimu waliouawa na mafia mwaka 1992. Basi linapita Capaci, mahali hasa bomu lilipolipuliwa chini ya barabara tarehe 23 Mei mwaka ule, na nguzo ya ukumbusho imesimama pembeni. Mara ya kwanza dereva wa basi letu alizima redio pale kwa nusu dakika bila kusema kitu.

Mgomo nao ni msimu wa Italia usio na kalenda. Siku ya mgomo wa ndege, safari zilizopangwa kati ya saa moja na saa nne asubuhi, na kati ya saa kumi na mbili jioni na saa tatu usiku, hulindwa kisheria. Ukiwa na hiari, kata tiketi ndani ya vipindi hivyo.

Treni

Hii ndiyo niipendayo kuisimulia na nisiyoipanda mara nyingi. Kuna treni ya usiku inayotoka Milano jioni, inapita Genova usiku, inashuka kando ya bahari kupitia Toscana na Roma, na alasiri ya kesho yake iko Palermo. Saa 18 hivi kutoka Genova, siku ambazo mambo yamekwenda sawa. Unachagua kiti, kitanda cha chumba cha watu wanne, au chumba chako mwenyewe kwa bei inayoumiza. Kiti kwa saa 18 nimekifanya nikiwa na miaka 27. Sasa hapana.

Asubuhi unaamka Calabria, bahari iko nje ya dirisha karibu kiasi cha kutaka kunawa uso. Halafu Villa San Giovanni, mwisho wa bara, treni inasimama, na kinachofuata ni cha kumshangaza hata fundi wa reli: mabehewa yanakatwa vipande vipande na kusukumwa ndani ya meli, yanapangwa kwenye reli zilizo tumboni mwake. Huu mchezo unachezwa hapo tangu karne ya 19. Abiria wanaruhusiwa kupanda juu. Mlangobahari wa Messina ni kama kilomita tatu mahali pembamba, upana ambao mtu wa Likoni anauona ni wa kupiga soga tu. Likoni unavuka bure kwa miguu na umebanwa na mikokoteni. Hapa unasimama kwenye baa ya meli unakula mpira wa wali uliojazwa nyama na kukaangwa. Upande wa Messina na Catania unauita arancino, ukifika Palermo useme arancina, la sivyo utasahihishwa na muuzaji, na mama yake, na mteja wa nyuma yako.

Kuvuka kwenyewe ni dakika ishirini, thelathini. Kukata mabehewa, kuyaingiza, kuyatoa na kuyaunga tena ndiko kunakokula muda; weka saa moja na nusu hadi mbili. Daraja limezungumzwa tangu babu zao. Agosti 2025 kamati ya mawaziri iliidhinisha la kuning'inia, lenye mita 3,300 kati ya minara miwili, na Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Ukaguzi ikakataa kuupitisha uamuzi. Mwarabu mmoja muuza simu pale Messina aliniambia yeye atavuka daraja hilo akiwa kwenye jeneza. Nami sikumbishia.

Ng'ambo, treni inagawanywa: mabehewa mengine yanakwenda Palermo, mengine Catania na Siracusa. Kalia behewa lililoandikwa kwenye tiketi yako. Ukihamia la jirani kwa sababu lina kiti cha dirishani unaweza kuamka mji mwingine. Na upande wa Palermo sehemu ya njia bado ni reli moja, treni zinangojana, ndiyo maana kilomita 225 za mwisho huchosha kuliko 600 za kwanza. Anayekwenda Catania anaokoka hilo, kwake ni kama kilomita 95 tu kutoka Messina. Kwa sababu hiyo treni nampa mtu wa Catania asiyependa ndege, mwenye begi zito, anayekata tiketi mapema ikiwa bado rahisi. Wa Palermo asafiri nayo mara moja maishani, mchana wa Calabria aukumbuke, kisha arudi kwa njia nyingine.

Gari, njia yote

Wanaume wa ukoo wetu wanaipenda hii kwa maneno. Unatoka Genova, unashuka hadi Roma, Napoli, Salerno, halafu unaingia A2, Barabara ya Mediterania, zaidi ya kilomita 400 hadi Villa San Giovanni. Sifa yake kubwa: A2 haina ushuru. Kutoka Genova hadi Salerno unalipa, na kutoka Messina hadi Palermo unalipa tena. Gari linalokula lita 6 kwa kilomita 100 litakunywa lita 84 hivi. Petroli ikiwa euro 1.75 hiyo ni karibu 147, kwenda tu. Ongeza ushuru, ongeza kivuko cha Messina, ongeza kahawa za kumkesha dereva na chumba cha kulala njiani kama una akili. Ukijumlisha hayo na kuyagawa kwa watu wanne, gari linakuwa rahisi kuliko meli kwa kiasi ambacho si kikubwa kama wanavyodai. Ukiwa peke yako ni ghali kuliko yote.

Kwa saa ni 15 au 16 za usukani mtupu. Tulifanya na shemeji yangu kwa zamu mbili na tukalala Cosenza, na sikumbuki nilichokiona isipokuwa daraja liitwalo Italia kule Laino Borgo, lililo zaidi ya mita 250 juu ya bonde la mto Lao, ambapo shemeji aliacha kuongea ghafla. Ukiwa na siku nne na hamu ya kusimama Roma na Napoli, hiyo si safari ya kwenda Palermo tena, ni matembezi, nenda. Ukiwa na haraka, pakia gari melini Genova ulale.

Mambo mawili kwa wenzangu. Ukishaishi Italia zaidi ya mwaka, leseni ya nyumbani haikuruhusu kuendesha, hata kama uliendesha matatu miaka kumi. Na Palermo ina eneo la mjini kati linalolindwa na kamera, ZTL, ambapo gari linaingia kwa kibali. Faini hukufuata Genova miezi baadaye ukiwa umeshasahau ulikula nini.

Basi? Lipo, ni rahisi, ni zaidi ya saa 20 ukiwa umekunja magoti. Nimeshalisema.

Njia yangu ya siri: Napoli

Kama huna gari na huna haraka ya ndege, kuna njia ya mchanganyiko ambayo naipenda kuliko zote. Asubuhi unachukua treni ya kawaida ya mbali kutoka Genova hadi Napoli, kama saa saba, mchana mweupe, bahari nusu ya njia. Unakula piza. Kutoka stesheni kuu hadi gati la Porta di Massa si mbali, teksi ni ya dakika chache na mwenye begi jepesi anatembea. Meli ya usiku inaondoka Napoli kama saa mbili usiku na asubuhi mapema uko Palermo, mwendo wa saa 10 au 11. Ukijumlisha, saa ni zilezile za meli ya Genova au zaidi kidogo, lakini bahari umeilala na mchana umeutumia. Kwa mtu mmoja kabini ya usiku mmoja haiumizi kama ile ya Genova, na meli za Napoli ni za kila siku.

Ubaya wake ni kwamba ni tiketi mbili zisizojuana. Treni ikichelewa, meli haikungoji na hakuna wa kukurudishia pesa. Acha nafasi ya saa nne katikati; ikibaki, hiyo ndiyo ya piza.

Mama aliyeniuliza juzi, yule wa Savona mwenye watoto wawili na cherehani ya kumpelekea dadake, nilimwambia meli ya Genova, kabini, na jamaa wa kumfikisha gatini. Kijana wa Sestri anayetaka kwenda Palermo usiku wa tarehe 14 Julai kuona msafara wa Santa Rosalia, mtakatifu mlinzi wa Palermo, na kurudi kazini tarehe 16: ndege, na aikate Aprili, kwa sababu wiki ile hata kochi la mdogo wangu limeshachukuliwa. Jamaa zetu waliojiandikisha kama wakazi wa Sisilia waulize kwanza punguzo la ndege wanalopewa na jimbo lao. Linabadilisha hesabu kabisa, na mwaka jana mdogo wangu alikuja kwangu kwa bei ambayo mimi siwezi kuipata kwenda kwake.

Mimi safari hii ni Desemba. Mzigo: mbuzi, kilo tano za unga wa sembe, sufuria mbili nzito, chupa tatu za pesto na mkoba wa nguo. Siku nane za likizo. Ndege ingenitoza mabegi mawili. Napoli ningebeba sufuria barabarani. Basi nimekata meli ya Genova, kabini ya ndani, sitaha ya chini, katikati. Mahamri nitayapandisha juu.